Siku Moja Maishani Mwangu: Bruda wa Karakana, Agosti 14

Saa 10:40 alfajiri

Kengele ya kuamka. Agosti huku nyanda za Songea baridi haijaisha, maji ya kunawa yanatia ganzi vidole. Navaa kanzu nyeusi, mkanda, juu yake skapulari, kile kitambaa kirefu kinachoning'inia mabegani mbele na nyuma, nashuka kanisani gizani.

Saa kumi na moja kamili tunaanza: "Ee Bwana, uifungue midomo yangu." Hayo ndiyo maneno yangu ya kwanza kila siku, maana tangu Sala ya Mwisho ya usiku uliopita hakuna aliyesema na mwenzake. Zaburi zinafuatana, upande huu wa kwaya ukiimba, upande ule ukijibu. Mtakatifu Benedikto, aliyeandika Kanuni ya maisha yetu ya kimonaki, alitaka zaburi zote 150 zimalizike katika juma moja, na aliyeona ni nyingi akamkumbusha kwamba mababa wa zamani walizimaliza kwa siku moja. Siku hizi monasteri nyingi huzigawa kwa majuma mawili. Hata hivyo kuna asubuhi ambazo somo la pili linanipita juu ya kichwa, na mzee aliye kushoto kwangu ananigusa kwa kiwiko. Benedikto alilijua hilo pia. Aliandika kwamba wamonaki watiane moyo wakati wa kuamka, kwa sababu wenye usingizi hawakosi visingizio.

Saa 12 asubuhi

Misa. Leo ni kumbukumbu ya Mtakatifu Maksimiliani Kolbe, aliyeuawa Auschwitz Agosti 14, 1941, baada ya kujitolea kufa badala ya baba mwenye watoto. Mapadre wetu wamevaa mavazi mekundu wakizunguka altare. Sisi mabruda tumebaki kwenye viti vya kwaya na kanzu zetu zilezile.

Hapo ndipo waamini wanapotutofautisha, na hapo ndipo swali linapozaliwa: "Bruda, upadre lini?" Nimeulizwa na shangazi zangu, na makondakta, na hata na askari wa usalama barabarani aliyekuwa anakagua gari la monasteri. Wengi wanaamini bruda ni padre aliyeishia njiani: ama alifeli masomo, ama bado yupo foleni. Siwalaumu, maana parokiani wanamwona padre kila Jumapili, bruda wanakutana naye kwa nadra.

Lakini kwa mapokeo yetu Benedikto mwenyewe hakuwa padre. Katika Kanuni yake, sura ya 60, padre akiomba kuingia monasterini anasema asikubaliwe haraka, na akikubaliwa ajue atashika Kanuni yote kama wengine. Na Wabenediktini wa Mt. Ottilien, monasteri ya Ujerumani, walipofunga safari ya kwanza kuja pwani yetu, mwaka 1887, padre alikuwa mmoja tu; waliobaki walikuwa mabruda na masista. Mimi niliandika nadhiri zangu kwa mkono wangu, nikaiweka karatasi juu ya altare kama sura ya 58 inavyoagiza: kudumu katika jumuiya hii, kuishi mwenendo wa kimonaki, na utii. Hiyo ni kazi ya kumtosha mtu hadi kaburini.

Saa 1 asubuhi

Uji, mkate, chai. Kimya.

Saa 2 asubuhi

Nafungua karakana. Mlango ukifunguka harufu ya mninga inakupokea kabla ya mwanga. Nina vijana wa mwaka wa kwanza na wa pili, Wakatoliki, Walutheri na Waislamu, wote wanaojiandaa kwa mitihani ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Tunaanza kwa kukagua rundo la mbao. Mbao mbichi ni adui wa fundi: leo unafunga mlango vizuri, msimu wa kiangazi unapinda, mwenye nyumba anakulaani. Kwa hiyo tunazipanga kivulini, kati ya safu na safu tunaweka vijiti ili upepo upite, tunaziacha. Mafundi wa zamani wanakadiria mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Vijana wa leo hawapendi kusikia hesabu hiyo.

Kijana mmoja kutoka Namtumbo aliweka randa mezani ikiwa imesimama, kisu chini. Nikamwita. Randa hulazwa ubavu, la sivyo makali yanaliwa na meza na mchanga. Sura ya 31 inasema mtunza mali avione vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Nikamwambia hivyo. Akaniuliza, "Hata randa, Bruda?" Hasa randa. Kikombe cha misa kinaguswa mara moja kwa siku na mtu aliyenawa mikono.

Asubuhi yote ilikuwa madawati. Ulimi na tundu, gundi, klampu, kupima skwea, kurudia. Sina la kusimulia zaidi hapo, ni kazi.

Saa 4 asubuhi

Chai, na mteja. Mama mmoja wa makamo alikuja kuulizia kitanda cha futi tano kwa sita.

"Shikamoo Father."

"Marahaba mama. Mimi si padre, ni bruda."

"Oh, bruda! Basi Mungu akusaidie mwanangu umalize."

Nilimshukuru. Baraka haikataliwi.

Tukaingia kwenye bei. Kuna sura katika Kanuni inayonihusu kuliko zote, ya 57, juu ya mafundi wa monasteri. Inasema mambo mawili. Kwanza, fundi akianza kujivuna kwa ufundi wake, kwamba anaiingizia monasteri faida, aondolewe kwenye kazi hiyo. Pili, vitu viuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko wanavyouza watu wa nje.

La kwanza nalikubali, ingawa linauma. La pili linanipa shida, na nimeshamwambia abate. Benedikto aliandika karne ya sita, akiogopa tamaa ya wamonaki. Lakini fundi wa pale sokoni analipa kodi ya banda, ananunua mbao kwa mkopo, ana watoto wanaodaiwa michango shuleni. Mimi silipwi mshahara, chumba na chakula napewa na jumuiya, mbao nyingine zinatoka kwenye miti tuliyopanda wenyewe. Nikishusha bei, nani ninayemuumiza? Tulichoamua ni hiki: vitanda na makabati tunauza sawa na mafundi wa mtaani, majeneza ndiyo tunayashusha. Fedha zote zinakwenda Prokura, ofisi ya fedha ya monasteri, kwangu haibaki hata sarafu.

Saa 6 mchana

Malaika wa Bwana, sala ya mchana, kisha refektori, ukumbi wetu wa kulia. Tunakula kimya, msomaji akisoma kutoka kwenye mimbari ndogo ukutani. Leo ugali, maharage, na dagaa wa Nyasa.

Kabla ya somo husomwa orodha ya marehemu wa tarehe hiyo. Agosti 14 haipiti bila kusomwa majina ya mwaka 1905: Askofu Cassian Spiss, mabruda Andreas na Gabriel, masista Felicitas na Cordula, waliouawa upande wa Liwale wakiwa safarini kutoka Kilwa kuja Peramiho, vita vya Majimaji vikiwa vimeanza tu. Mwezi uliofuata misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa 1898, ilichomwa moto.

Mzee mmoja wetu, Mngoni wa ukoo wa manduna, yaani machifu wadogo, kila mwaka siku hii huongeza sala yake kwa sauti ndogo lakini ya kusikika: kwa ajili ya wazee walionyongwa Songea na Wajerumani, Februari 1906. Wamo waliobatizwa saa chache kabla ya kamba. Zamani ilileta ukimya mzito mezani. Sasa abate anasubiri mzee amalize, ndipo tunaitikia "Amina" kwa pamoja. Nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Huwezi kula ugali wa nchi hii ukawakumbuka wafu wa upande mmoja tu.

Saa 8 mchana

Nilikuwa nimepanga kumaliza madawati. Wakaja watu wawili kutoka hospitali, kijana na baba yake mdogo, mkononi kamba yenye fundo. Fundo ndilo urefu wa marehemu. Bibi wa yule kijana alikuwa amefariki alfajiri, gari la kumpeleka Mbinga limeshapatikana, wanataka kuondoka kesho kabla ya jua.

Kesho ni Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Sikukuu kuu, hatushiki kazi. Kwa hiyo ni leo.

Madawati yakasogezwa. Mbao za paina, nyepesi na rahisi kubeba. Sehemu ngumu ya jeneza ni bega, pale ubao wa pembeni unapopinda kufuata mwili. Unachana mikato kadhaa kwa msumeno upande wa ndani, kila mkato karibu theluthi mbili ya unene, sawasawa kabisa, maana mmoja ukizama zaidi ubao unavunjika hapohapo. Kisha maji ya moto taratibu juu ya mikato, na watu wawili wanaukunja polepole bila kushindana. Nilimshikisha kijana wa Namtumbo upande wa pili. Mikono ilimtetemeka. Nikamwambia asiangalie mikono, aangalie mstari. Ukakunjika.

Yule mjukuu wa marehemu hakuondoka. Alikaa juu ya rundo la mbao, akauliza kama anaweza kusaidia. Nikampa msasa. Alisugua kifuniko kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji, nami sikumzuia. Katika kusugua akaanza kusimulia jinsi bibi alivyokuwa akiwapiga kwa ufagio na kisha kuwapikia. Vijana wangu wakacheka, naye akacheka, halafu akalia, akaendelea kusugua. Padre wa hospitali alishampaka bibi mafuta na kumwombea. Mimi kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kitako hakiachii wakimbeba kwenye barabara ile yenye kona.

Vanishi koti moja, kitambaa cheupe ndani, mishikio sita, msalaba. Ilipofika saa kumi na moja na nusu walikuwa wamelipakia.

Saa 12 jioni

Masifu ya Jioni ya kwanza ya sikukuu, kwa hiyo ubani, mishumaa yote, na "Moyo wangu wamtukuza Bwana" kwa ule wimbo mrefu. Nilinuka vanishi. Mzee wa kushoto alinisogelea akanusa, akatabasamu.

Saa 1 usiku

Chakula, kisha burudani: nusu saa ya mazungumzo, karata, na malumbano yasiyoisha juu ya Simba na Yanga. Nilikuwa nimekaa tu ndipo sakristi, mtunza vyombo na mavazi ya kanisa, akaja. Mlango wa sakristia unakwaruza sakafu, na kesho maandamano yanatokea pale. Nikafuata randa na ufagio, nikautoa mlango kwenye bawaba, nikapunguza chini kidogo, nikaurudisha. Ukafunga.

Sakristi akaujaribu mara kadhaa, akaridhika, kisha akaniuliza kama naweza kuangalia na droo za kabati la mavazi, zinakwama. Nikamwambia keshokutwa. Kengele ya Sala ya Mwisho ilikuwa inapigwa, na maranda bado yalikuwa sakafuni.