Maskati, Oman, siku ya tatu

Jamani, kumbe Maskati Kiswahili kimejaa! Leo asubuhi nimeingia soko la Mutrah, nababaisha Kiarabu changu cha madrasa nikiulizia ubani wa Dhofar. Mzee mwenye duka, kofia ya kudarizi kichwani, akanitazama weee, kisha: "Mwanangu, sema Kiswahili tu. Mimi mtoto wa Ng'ambo, Unguja." Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Akatia chembe mbili kwenye chetezo tunuse kwanza; ule unaoelekea kijani ndio wa bei. Bei hakupunguza hata baisa moja, ila kahawa na halua nimepewa bure.

Jana ilikuwa Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos. Zulia moja tu, mita 70 kwa 60, tani 21! Shingo inaniuma kwa kutazama ile taa ya kuning'inia. Ngome za Jalali na Mirani nimeziona kwa nje, jua halikuwa na adabu.

Mkija, ufukwe wa Mutrah muuweke baada ya magharibi. Sisi tumemalizia na mishkaki ya barabarani, na jina lake huku ni hilo hilo. Kesho soko la samaki, nataka kuwaona jodari.