Sauti ya Muzungu

Waliponipaka unga wa mahindi usoni, nyuma ya shuka mbili zilizofanywa pazia, nilikuwa na miaka 13, na sikuwa muzungu wa kwanza kuchaguliwa. Wa kwanza alikuwa rafiki yangu, ambaye hakuhitaji unga.

Ilikuwa Novemba 1984, Lubumbashi. Tarehe 24 ya mwezi ule ilikuwa sikukuu, maana ndiyo siku Mobutu aliyoshika madaraka mwaka 1965, na mwalimu wetu, abakosti, lile koti la enzi za Mobutu lisilo na tai, imefungwa hadi shingoni, alikuwa ametunga mchezo juu ya enzi za Wabelgiji: wafanyakazi wa kampuni ya shaba ya Union Minière, kapita msimamizi wao, na bwana mwenye kofia nyeupe ya kaske. Hadithi yenyewe haikuwa na lolote. Watu wangekuja kumcheka bwana, basi.

Rafiki yangu tulimwita Mugiriki. Baba yake alianza kwa kununua samaki wa mto Luapula kule Kasenga, kama Wagiriki wengi wa huku, kisha akafungua duka mjini. Mama yake ni mtu wa Kasenga. Mwishoni mwa 1973 Mobutu aliamuru biashara za wageni zitiwe mikononi mwa raia; duka likapata mwenye mpya, na haukupita muda baba akapanda ndege. Mtoto akabaki mtaani kwetu Katuba na mama yake, nywele rangi ya mchanga, ngozi rangi ya chai ya maziwa, na Kiswahili cha mtaani nilichokionea wivu. Kibemba alikitia humo kama mama anavyotia chumvi kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, bila kupima.

Siku ya mazoezi mwalimu hakutafuta mbali. "Bwana njo weye," akamwambia, yaani ndiwe bwana.

Mugiriki akavaa kaske ya karatasi, akashika fimbo, akasema maneno yake: "Kazi iende mbiyo, haraka, haraka!" Akayasema kama mama muuza samaki anayemhimiza mtoto wake. Darasa zima likaanguka kicheko.

"Hapana! Sema sawa bazungu. Weye uko muzungu!"

"Mwalimu, mi najua hii Kiswahili tu."

"Papa yako alikuwa anasema je?"

Akafikiri kidogo. Nakumbuka alivyofumba macho, kama mtu anayetafuta kitu gizani chumbani mwake mwenyewe. Kisha akasema yale maneno tena, kwa sauti nzito kidogo, na r zilipopita zilipita kwenye ncha ya ulimi, sawa na zetu. Ndivyo Wagiriki wanavyosema r. Ile ya kooni, ile tuliyoijua sote kuwa ndiyo ya wazungu, ni ya watu wa Kifaransa. Mwalimu hakuwa na nafasi ya kuambiwa kwamba kuna wazungu na wazungu. Akaona mtoto anamkatalia.

Tena kulikuwa na lile neno. Bwana wa mchezo alitakiwa kuwaita wafanyakazi "makaku", yaani nyani, tusi ambalo wazee wetu walilisikia kwa Wabelgiji hadi likazoeleka. Kila alipolifikia Mugiriki aliliruka, kama mtu anavyoruka dimbwi. Mbele yake walisimama vijana aliocheza nao mpira jana yake.

Ndipo nikanyoosha mkono.

Sauti ya muzungu niliijua. Nikabana pua, nikarudisha r kooni, nikavunja Kiswahili vipande vipande: "Wewe kuja hapa haraka! Wewe makaku, hapana jua kazi!" Mwalimu akapiga makofi. Kaske ikabadilisha kichwa.

Hakuna aliyeuliza nilijifunza wapi kugeuza ulimi namna ile. Babu yangu aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi kwenye tanuru za shaba, na nyumbani kwetu Kiciluba, lugha ya kule, hakikutoka hata tulipokuwa tunasema Kiswahili. Mtu wa Kasai, s ikikutana na i, inageuka sh: sisi inakuwa "shishi", siku inakuwa "shiku". Mtaani walituiga kwa hiyo. Kwa hiyo kila asubuhi, kati ya mlango wetu na bomba la maji la kona, nilikuwa nafanya mazoezi yangu mwenyewe, kimya kimya, hadi ile sh iondoke. Nilipofika shuleni nilikuwa mtoto wa huku Katanga kabisa. Kumwiga muzungu, baada ya hapo, ilikuwa kazi ndogo.

Siku ya sikukuu watu walicheka hadi viti vya mbao vikalia. Unga ulichanganyika na jasho ukaanza kuwa bukari, yaani ugali, mashavuni mwangu. Niliposema "makaku" walicheka zaidi, nami nikalirudia mara mbili zisizokuwemo kwenye mchezo.

Babu hakucheka sana. Jioni, nikiosha uso, nikamuuliza kama nimepatia.

"Bwana yetu hakukuwa anasema vile," akasema. "Ule alikuwa anajua Swahili kupita shishi bote. Alinifukuza kaji na Swahili ya muzuri kabisa." Akamalizia chai yake.

Sikupenda jibu hilo. Nilitaka sifa.

Mugiriki nilimkuta bombani, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilidhani amekasirika. Akaniambia nimfundishe.

"Nini?"

"Ile sauti. Ku soko bamama banasemaka kila siku: wee muzungu, sema kizungu tusikie. Nitabapatia, baniache."

Nikachota maji kwa kiganja, nikamwonyesha namna ya kuinamisha kichwa nyuma na kuyachezesha kooni bila kumeza. Akajaribu, akapaliwa, akakohoa hadi machozi.

"Hapana na ulimi," nikamwambia. "Ulimi ulale."

Akajipangusa. "Na mi nitakufundisha kusema si."

"Si gani?"

"Ukikasirika unasemaka shi. Leo pale mbele ulisema mara moja. Bantu hawakusikia, balikuwa banacheka."

Akachota maji mengine, akainamisha kichwa nyuma.