Binti, umeuliza maswali mangapi?

Leo ni siku ya kumi na mbili na bado namsikia mzee wa baraza la ardhi, mmoja wa wale wawili wanaokaa na mwenyekiti kusikiliza kesi. Wiki hii barua ya posa ya dada Zuhura imejibiwa, ofisi imehamia ghorofa ya tatu, gari la Baba limetoka gereji, na katikati ya yote hayo mimi nasikia swali moja tu.

Mimi ni wakili, na kesi yenyewe ni ya kiwanja (nimebadilisha mambo kidogo ili wahusika wasijulikane). Ilikuwa Jumatatu, zamu yangu ya maswali ya dodoso, yale anayoulizwa shahidi na upande usiomleta. Shahidi wa upande wa pili, mtu mzima, ametulia, anasema alishuhudia mauziano. Nikasimama nikamuuliza kwa pumzi moja:

"Shahidi, unaposema ulishuhudia, ina maana ulikuwepo tangu mwanzo ukaona fedha zinahesabiwa na muuzaji anasaini, mjumbe naye akiwepo, au uliitwa baadaye uje kusaini tu?"

Akajibu, "Ndiyo."

Mwenyekiti akaliandika. Hapo mzee wa baraza, yule anayekaa kushoto, akaomba ruhusa, akanigeukia.

"Binti, hapo umeuliza maswali mangapi?"

"Moja, Mzee wangu."

"Mimi nimehesabu matano. Sasa huyu bwana amejibu lipi?"

Hakuna aliyecheka. Angecheka mtu ningepata wa kumkasirikia. Aliuliza kwa upole, kwa sababu alitaka kujua kweli. Yeye na mwenzake ndio watakaotoa maoni yao kabla mwenyekiti hajaandika hukumu, na lile "ndiyo" halikumpa kitu cha kushika.

Usiku nikahesabu vidoleni. Kuwepo, fedha, saini, mjumbe, kuitwa baadaye. Matano. Nikamjibu "moja" mbele ya mteja wangu, na nilikuwa na uhakika.

Kwanza nililaumu lugha. Sheria nimeisoma kwa Kiingereza, na tangu mwaka 2021 sheria iliporekebishwa Kiswahili kikawa lugha ya mahakama na mabaraza, nimekuwa nikijiona natafsiri kichwani huku mdomo unakimbia. Lakini Kiswahili ni changu tangu utotoni. Bibi hajawahi kuniuliza maswali matano kwa mpigo, na hajasoma sheria.

Jumanne hii nikaenda klabuni Upanga, tunakojifunza kuongea mbele ya watu. Tunafuata utaratibu wa Toastmasters, ule ulioanzia California mwaka 1924: unapewa mada papo hapo, unasimama, unaongea dakika 1 hadi 2, huku taa za muda zikiwaka, ya kijani, ya njano, nyekundu. Na kuna mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu kila "aaa", kila "yaani". Nilihesabiwa "kwa hiyo" 11. Mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, akanisimamisha tena, akasema kila nikifika kwenye nukta nifunge mdomo mpaka ainue kidole. Zilikuwa sekunde 3, labda 4. Jasho lilinitoka mgongoni.

Naogopa ukimya. Ndicho nilichokiona pale. Swali likishatoka, nasikia chumba kimenyamaza, nawahi kukijaza kwa swali la pili, la tatu, na shahidi anachagua analolitaka, au asichague kabisa.

Nikapanda basi la mwendokasi kituo cha Fire, nimesimama hadi Kimara, na njia nzima nikawa nalivunja lile swali vipande vipande: "Ulifika jioni." "Karatasi uliikuta imeshaandikwa." "Fedha hukuziona zikihesabiwa." Kwenye dodoso maswali elekezi, yale yanayobeba jibu ndani yake, yanaruhusiwa, kwa hiyo kila moja linabeba jambo moja na jibu lake ni ndiyo au hapana isiyo na mlango wa nyuma. Bosi alishaniambia zamani, "Tazama kalamu ya mwenyekiti." Nilidhani ni adabu tu ya kumsubiri, maana ushahidi unaandikwa kwa mkono. Kumbe kalamu ikitembea ndiyo ruhusa ya kunyamaza.

Alhamisi akaja shahidi wao wa pili.

"Siku hiyo ulitoka kazini jioni."

"Ndiyo."

Kalamu ikaandika, ikasimama. Sikuongeza neno. Nikahesabu moja, mbili, na kabla sijafika tatu shahidi akaendelea mwenyewe: "Nilikuta wameshamaliza, nikaonyeshwa pa kusaini."

Jamani! Mikono ilinitetemeka chini ya meza. Mzee wa baraza hakuniuliza kitu. Aliandika kwenye kidaftari chake, akanitazama mara moja, akamtazama shahidi. Nilimpigia Zuhura nikiwa bado kwenye benchi la nje, nikamsimulia yote kabla sijakumbuka kumpongeza.

Lile "ndiyo" la kwanza bado limo kwenye kumbukumbu za shauri na halifutiki, na linaniuma kwa ajili ya mteja wangu. Ningependa kila wakili mpya asimame mbele ya watu kama wa klabuni kwetu, muuguzi, fundi na mwalimu mstaafu, kabla hajasimama mbele ya shahidi. Wale hawakuvumilii kwa sababu una joho.

Bibi amenipigia mara mbili leo kuuliza ni siku gani. Mara ya kwanza nilimwambia Jumamosi, akasema sawa, akanieleza habari za kuku wake. Mara ya pili aliuliza vilevile, kwa sauti ileile, kama hatujaongea. Kesho alfajiri naenda Kibaha kumwona. Mama bado sijamwambia.