Inkubeta yangu: poti ya 1k mahali pa 10k

Natengeneza inkubeta, boksi la kuangulia mayai, na mchoro wa sakiti ninaoufuata ni mfupi. Sensa ya joto ni LM35, ambayo hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. IC ya LM393 inalinganisha volteji hiyo na nyingine inayotoka kwenye poti (resista inayobadilishwa kwa kuzungusha kitasa) ya 10k, yaani omu 10,000, iliyofungwa moja kwa moja kati ya volti 5 na graundi. Joto likishuka, LM393 inaamsha transista ya 2N7000, transista inavuta rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), balbu inawaka. Mayai ya kuku ndani ya boksi lenye feni yanataka nyuzi 37.5, kwa hiyo poti lazima ikae kwenye milivolti 375.

Poti ya 10k ndiyo iliyokosekana. Pale soko la Kibuye, hapa Kisumu, fundi ninayenunua kwake alinifungulia mkebe wa poti zilizong'olewa kwenye redio na spika kuukuu: A503 nyingi, B504 mbili tatu, na B102.

"Chukua yoyote, bro, zote zinazunguka."

"Fundi, kuzunguka ni kitu kingine na joto la mayai ni kitu kingine."

Lakini hakuwa mbali sana na ukweli. Poti ikifungwa namna hii kazi yake ni kugawa volteji kwa uwiano tu: katikati utapata volti 2.5, iwe ya 1k au ya 500k. Kinachobadilika ni mkondo. Ya 10k hupitisha miliampea 0.5, ya 1k hupitisha 5, na adapta haitajua tofauti.

A503 niliziacha mkebeni, kwa sababu herufi A ni ya poti za kurekebisha sauti na thamani yake haipandi sawasawa unapozungusha. B504 hupanda sawasawa, ila 500k ni nyingi mno. Pini ya LM393 nayo ina mkondo wake mdogo, kwa kawaida nanoampea 25, na datashiti inaruhusu hadi 250. Kwenye poti ya 500k iliyowekwa milivolti 375, hizo 250 zinaweza kusogeza kipimo kwa karibu nyuzi nzima. Nikabeba B102, yaani 1k.

Kusema kweli, hata ningeipata 10k nisingeipenda ilivyo kwenye mchoro. Volti 0 hadi 5 kwa LM35 ni nyuzi 0 hadi 500, na zote zimebanwa kwenye mzunguko wa digrii 270 hivi. Ukisogeza kitasa digrii moja, joto limeruka karibu nyuzi mbili. Ukikohoa umeshapika mayai. Poti ndogo ya mizunguko mingi ingefaa, lakini hiyo ni kuagiza kwenye maduka ya barabara ya Luthuli, Nairobi, na kungoja.

Basi nikaifanya 1k isimamie kipande kidogo tu. Juu yake, kuelekea volti 5, nimeweka resista ya 82k na ya 10k kwa mfululizo, jumla 92k. Chini yake, kuelekea graundi, 6.8k. Ukijumlisha na poti unapata 99.8k, mkondo ni mikroampea 50 hivi. Kitasa kikiwa mwisho wa chini napata milivolti 341, mwisho wa juu 391. Kwa lugha ya mayai ni nyuzi 34.1 hadi 39.1. Mzunguko wote sasa ni nyuzi tano, yaani zaidi ya digrii 50 za kuzungusha kwa nyuzi moja. Mita ilinipa 339 na 389, na hilo halinisumbui: 7805, IC inayotoa zile volti 5, yenyewe inaruhusiwa kupotoka asilimia 4.

Kisha nikawasha boksi likiwa tupu, kikombe cha maji ndani na kipimajoto kando yake. Nimeweka 37.5. Balbu ikawaka, ikaendelea kuwaka, ikavuka 39, ikavuka 40, ndipo rilei ikasema ta! Kurudi kuwaka, ilingoja hadi 37 na kitu.

Chanzo ni resista ya 1M (omu milioni moja) ambayo mchoro unaitoa kwenye matokeo ya LM393 na kuirudisha kwenye pini ya poti. Imewekwa ili rilei isitetemeke joto likiwa mpakani, na upana wa mpaka huo unategemea ukinzani ambao pini inauona upande wa poti. Poti ya 10k kwenye milivolti 375 huonekana kama omu 700 hivi, na volti 5 zikipita 1M zinaisukuma milivolti 3.5, sawa na nyuzi 0.35. Mpangilio wangu unaonekana kama 6.9k. Resista ile ile ya 1M sasa inasukuma karibu milivolti 34, yaani nyuzi tatu na zaidi. Kwa hiyo ukibadilisha poti kwenye sakiti yenye resista ya kurudisha, hesabu ya pili ni hiyo, na michoro mingi haikuambii.

Njia moja ni kugawa thamani zote kwa kumi, lakini poti ya omu 100 hata mkebe wa fundi hauna. Nimechukua resista mbili za 4.7M, nikazilehemu kwa mfululizo mahali pa 1M. Sasa mpaka ni milivolti 3.7. Usiku kucha kipimajoto kimecheza kati ya 37.2 na 37.9. Hiyo 37.9 ya juu imeletwa na balbu, kwa sababu huendelea kutoa joto kidogo hata ikizimwa.

Imebaki trei ya maji kwa ajili ya unyevu, na betri ya kushikilia feni stima ikipotea. Joto la Kisumu mchana linasaidia. Usiku ndio unanitia wasiwasi, na kwa betri niliyo nayo balbu haitawaka.