S ya Eastleigh

Jana usiku binti yangu alikuwa akitengeneza bango la shule kwenye laptopu yangu, mara akaniuliza, "Baba, kwani hizi herufi za kompyuta zilichorwa na nani?" Nikamwambia hiyo aliyoichagua, Helvetica, ilichorwa na Mswisi mmoja, Max Miedinger, mwaka 1957, tena kwa nia kwamba mkono wa mtu usionekane humo. Akacheka. "Sasa alijisumbulia nini?"

Sikumjibu. Kumbukumbu ya harufu ya thina, ile ya kufutia rangi, ilikuwa imeshanipeleka kwenye gereji za Grogan, Nairobi, Januari 2004.

Mnakumbuka sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Ikifika tarehe 1 Februari, matatu isiyo na mikanda, kidhibiti mwendo na mstari wa manjano haitoki. Nissan zilijaa gereji hadi barabarani. Mimi nilikuwa wa kuosha brashi na kubandika tepu kwa fundi wa kuchora matatu. DHORUBA, aliyoiandika fundi ubavuni mwa gari moja la namba 9, ilikuwa na D yenye pembe, R inayompiga teke U, na kivuli cha zambarau kilicholifanya neno zima kama linataka kuruka nje ya bati. Mgeni hakuweza kulisoma. Fundi hakujali: "Atakayepanda analijua."

Mwenye gari hakutaka kubahatisha na sheria mpya. Funika yote, nyeupe. Fundi akafunika mwenyewe, kimya, akianzia A akirudi nyuma, mpaka ikabaki D peke yake na pembe zake.

Kisha, juu ya mstari wa manjano, jina la mtaa gari linakoenda: EASTLEIGH. Herufi za kawaida, "kama za gazeti." E na A zikapita. S ikagoma. Ya kwanza ikalala. Thina, kitambaa. Ya pili akaipa matumbo mawili sawasawa, ikawa na kichwa kizito, utadhani inaanguka. Thina tena. Mtu aliyezoea kurusha S yenye mkia wa ng'e huku akipiga soga, sasa ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, ulimi nje, jasho linadondokea rangi. Ya tatu, thina. Makanga akapiga mluzi.

"Fundi, si ni S tu!"

"Wacha kelele. Hii haitaki niwemo."

Miaka mingi baadaye, nikiwa mpanga kurasa, niligeuza S ya Helvetica kichwa chini na kuona ujanja wake: tumbo la juu ni dogo kuliko la chini, macho tu ndiyo yanayoyaona sawa. Fundi hakuwa ameambiwa hilo na mtu. Mara ya nne akapunguza juu kidogo, ikasimama. Ila ncha ya chini ilijikunja kidogo tu, kama mkia. Wiki nzima baadaye, nikiwa stejini, niliitambua ile gari kwa ncha hiyo kabla sijaona namba.

Sijui kama ilimponyoka au aliiacha makusudi. Sikumuuliza. Kwenye foleni zilikuwa zimebaki Nissan sita, na tatu zilikuwa za Eastleigh.