Nilivyomfuatilia bibi wa watoto wangu aliyenyongwa kwa uchawi Salem

Watoto wangu ni wa Shinyanga kwa upande wangu na wa Massachusetts, Marekani, kwa upande wa baba yao. Kwa wakwe zangu husimuliwa kwamba bibi mmoja wa ukoo alihama Uingereza, akaja kuchomwa moto kwa uchawi. Kwetu Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tu. Sikuweza kuiacha habari hiyo ibaki masimulizi.

Nilianza na walio hai. Mama mkwe alinitajia bibi yake na mahali alipozaliwa, nikapanda kizazi kwa kizazi kwa vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo. FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za koo, ni bure, na kwa karne ya 19 na 20 ilinitosha. Kabla ya hapo nilitegemea vitabu vya vizazi, ndoa na vifo vya miji ya Massachusetts hadi 1850, ambavyo vinasomeka mtandaoni. Miti ya ukoo iliyochorwa na wengine niliichukua kama fununu tu, kwani mingi haina hati nyuma yake.

Tarehe nazo zina mambo yake. Hadi 1752 mwaka mpya wa Waingereza ulianza Machi 25, kwa hiyo utakuta kifo cha Februari kimeandikwa "1667/8", yaani 1667 kwa hesabu yao na 1668 kwa hesabu ya leo. Inakili hivyo hivyo.

Nikafika kwa Susannah North, aliyebatizwa Olney, Uingereza, 1621, na kuolewa na mhunzi George Martin huko Salisbury, Massachusetts, 1646. Hakuchomwa. Alinyongwa Salem, mji wa Massachusetts, Julai 19, 1692, pamoja na wanawake wengine wanne. Katika kesi zile za uchawi za Salem hakuna hata mmoja aliyechomwa.

Nyaraka za kesi zimewekwa wazi mtandaoni na Chuo Kikuu cha Virginia. Shahidi mmoja, Sarah Atkinson wa Newbury, alieleza kwamba Susannah alifika kwake kwa miguu kutoka Amesbury, njia imejaa matope, asionekane kulowa hata soli za viatu. Mtu ananyongwa kwa ushahidi wa namna hiyo! Na mama yule hakunyenyekea. Wasichana waliodai kurogwa walipoanguka mbele ya mahakimu alicheka, na alipoulizwa sababu akasema ana haki ya kuucheka upuuzi kama ule.

Hapo nikafanya ambalo mtu wa kwetu angefanya: nikatafuta ugomvi wa mali. Kumbukumbu za mahakama za Kaunti ya Essex zinao. Baba yake alifariki 1668, karibu kila kitu akamwachia mama wa kambo. Susannah na dada yake Mary wakadai haki yao, kesi ikavutana hadi wakashindwa 1674. Katikati ya miaka hiyo, 1669, ndipo aliposingiziwa uchawi mara ya kwanza. Mumewe akafungua kesi ya kashfa. Ilipofika 1692 mume alikwishafariki, naye ni mjane wa miaka sabini. Sidai kwamba mirathi ndiyo iliyomuua, ila ukimtafuta wa kwenu, usifunge faili kabla ya kusoma kesi za urithi.

Sheria ya Massachusetts ya 1711 iliyowasafisha wahukumiwa wengi haikumtaja. Azimio la 1957 lilimtaja Ann Pudeator, mmoja wa walionyongwa, peke yake na kuwaita wenzake "watu wengine". Jina la Susannah Martin liliandikwa katika sheria Oktoba 31, 2001, miaka 309 baada ya kamba. Nimeichapa sheria hiyo na kuiweka pamoja na hati ya kumkamata, ili wanangu wasome zote mbili.