Nilivyomkuza steringi wangu wa Sahare

Jamaa mmoja mwenye uzoefu wa filamu za mtaani aliniambia: "Dada, mpe steringi nguvu dakika ya kwanza, watu wanataka ngumi." Nikamsikiliza. Ilinila miezi miwili na bando la elfu thelathini, labda arobaini, na mpaka leo ushauri ule unanikera.

Ulikuwa mchezo wa sauti. Tunarekodi kwa simu, vijana sita chumbani kwangu Makorora, Tanga, godoro limeegemezwa dirishani kuzuia kelele za bodaboda. Steringi ni Mwinjuma, mtoto wa mvuvi wa Sahare anayesikia kila kitu kilicho chini ya maji. Sehemu ya kwanza kapata nguvu, ya pili kawakamata wavuvi wa baruti, ya tatu kawakamata wengine. Ya nne nilikaa na kalamu mpaka adhana ya alfajiri, sina neno. Kijana anayemwigiza ndiye aliyenifumbua macho: "Dada, huyu mtu hajawahi kuogopa hata mara moja. Nitamwigizaje?"

Nikarudi kwenye Smallville, tamthilia ya ujana wa Superman niliyoanza kuijua kwa CD za kukodi Ngamiani, safari hii nikiwa na daftari. Misimu 10, kuanzia 2001 hadi 2011, na vazi la Superman limewekwa akiba mpaka sehemu ya mwisho! Katikati hapo ni Clark Kent kijana tu, na siri yake. Lex Luthor, tunayemjua wote kuwa adui, anaingia kama rafiki: gari lake linamgonga Clark darajani, wanatumbukia mtoni, Clark anamtoa na kumpulizia pumzi. Urafiki wao unaoza polepole, kwa sababu mmoja anaficha na mwingine hawezi kuacha kuchunguza. Halafu ile sehemu ya 100: Clark anairudisha siku nyuma ili Lana, msichana anayempenda, asife, na kifo kinamwangukia baba aliyemlea. Nililia. Nguvu zote zile, na bado amempoteza.

Basi nikachukua kalamu nyekundu, nikakata kila mstari wenye nguvu za Mwinjuma. Tukio likibaki halina maana bila nguvu, natupa lote. Daftari zima likabaki kurasa tisa. Fanyeni hivyo, hata kama inauma.

Kwenye kurasa zile tisa alikuwemo Hamza, aliyekuwa akipita tu kumkopesha Mwinjuma dau. Nikamvuta mbele. Sasa Hamza analeta changu kwa mama mgonjwa wa Mwinjuma. Mama anapasua samaki, kidole kinagusa uti wa mgongo uliovunjika vipande, nyama imelegea, damu imevilia ndani. Mke wa mvuvi anajua samaki wa baruti. Anamtazama mwanawe, anaosha kisu, anamtia samaki sufuriani. Mwinjuma anakula. Jana yake alisikia mlipuko ule chini ya maji mpaka sikio likatoka damu.

Kwamba steringi hafi kila mtu anajua, kwa hiyo msikilizaji mpe hofu ya kitu kingine.

Tulirekodi tukio lile usiku mmoja, mara moja tu. Kijana alipomaliza kutafuna, hakuna aliyezima simu. Tuko sehemu ya kumi na moja sasa, na Mwinjuma bado hajamwambia Hamza kwamba anajua.